Mzee Kenyatta: Moyo uliochoka kimyakimya hadi Mombasa

ALFAJIRI ya Jumanne, Agosti 22, 1978, Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, aliaga dunia akiwa katika Ikulu ya Mombasa. Wananchi hawakuambiwa hadi mchana wa siku hiyo, Sauti ya Kenya ilipotangaza msiba huo na nchi nzima ikazizima.

Siku moja kabla ya hapo, Mzee alikuwa Msambweni, upande wa kusini wa kivuko cha Likoni, akionekana hadharani kama ilivyokuwa desturi yake kila alipozuru Pwani. Aliyemwona Jumatatu akiwa na usinga wake mkononi hangedhani kwamba Jumanne angeitwa marehemu. Lakini kwa watu wachache waliokuwa karibu naye, kifo hicho hakikuwa cha ghafla hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka 10 moyo na mishipa yake ya damu vilikuwa vikimsumbua. Habari ndizo zilizokuwa za ghafla, kwa maana maradhi ya Rais yalikuwa jambo ambalo mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa hata kulitaja.

Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani barabara. Wanahistoria huutaja mwongo wa 1890, na hivyo alifariki akiwa na umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 80. Alizaliwa katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Kiambu, akapewa jina Kamau wa Ngengi, na mnamo 1909 akajiunga na shule ya wamishonari wa Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alibatizwa mwaka wa 1914 kwa jina Johnstone.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alipokuwa akikwepa kukamatwa na kutumwa vitani kwa lazima, alikwenda Narok kuishi miongoni mwa Wamaasai. Hapo ndipo alipozoea kuvaa mshipi wa shanga ambao wengi husema ndio uliompa jina la Kenyatta. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi, akizunguka mitaani kusoma mita za maji. Ilikuwa kazi ya miguu, na kijana huyo alikuwa na afya ya kuifanya.

Mwaka wa 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi.

Mwaka huo huo wa 1929, huku Kenyatta akiwa London, daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi katika eneo la Kavirondo Kusini, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi ambao hadi leo wataalamu wa moyo huurejelea. Alikuwa amewapima Waafrika wapatao 1,000 shinikizo la damu. Huko Ulaya ilijulikana kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo shinikizo lake linavyopanda. Miongoni mwa watu aliowapima Donnison, halikupanda. Wazee walikuwa na shinikizo la chini sawa na la vijana, au hata chini zaidi.

Kwa maneno mengine, kizazi cha Kenyatta kilizaliwa katika nchi ambayo ugonjwa huu wa presha, unaozungumzwa leo katika kila nyumba ya Kisauni, ulikuwa haujulikani vijijini. Kilichobadilika baadaye hakikuwa damu ya Mwafrika. Kilichobadilika ni maisha.

Maisha ya Kenyatta mwenyewe yalibadilika mapema kuliko ya wenzake. Alirejea Kenya mwaka wa 1930, akaondoka tena 1931, na safari hiyo ya pili ikachukua miaka 15. Alipita Moscow, akasoma anthropolojia katika Chuo cha Uchumi cha London chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na mwaka wa 1938 akachapisha kitabu chake kuhusu mila za Wakikuyu. Mara nyingi alikosa pesa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alihamia Storrington, katika jimbo la Sussex, akawa kibarua wa shamba. Oktoba 1945 alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore.

Septemba 1946 meli ilimrudisha nyumbani na kumteremsha katika bandari ya Mombasa. Alikuwa na umri wa takriban miaka 50, amenenepa, ana ndevu na sauti nzito. Mombasa aliyoikuta ilikuwa na wafanyakazi wa bandari waliotoka kila pembe ya nchi. Miezi michache tu baadaye, Januari 1947, wafanyakazi hao waligoma na mji ukasimama. Wengi wao walikuwa watoto wa vijiji kama vile alivyovipima Donnison, na sasa walikuwa wakilala katika vyumba vya kukodi na kununua chakula chao dukani.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtoto wa shule. Juni 1947 alichaguliwa rais wa chama cha Kenya African Union. Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilitangazwa naye akakamatwa. Kesi ilisikizwa Kapenguria, na Aprili 8, 1953, alihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Kwa sababu ya umri wake hakulazimishwa kuponda mawe kama wenzake. Alipewa kazi ya kuwapikia. Mwaka wa 1959 alihamishiwa Lodwar, kisha mwaka wa 1961 Maralal, na hatimaye Agosti 14, 1961, akarudishwa Gatundu.

Kuna jambo kuhusu Maralal ambalo halitajwi sana katika vitabu vya siasa. Mji huo umo katika nchi ya Wasamburu, na katika miaka hiyo ya 1960 daktari A. G. Shaper wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzake walikuwa wakiwachunguza Wasamburu hao hao. Waligundua kuwa wafugaji hawa, licha ya kuishi kwa maziwa yenye mafuta mengi, walikuwa wembamba na shinikizo lao la damu lilikuwa chini. Kisha wakawafuata morani walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Kambini vijana hao walipewa chakula cha jeshi, chenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea. Miili yao ikaongezeka uzito na shinikizo la damu likaanza kupanda. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 1969. Ukoo ulikuwa ule ule. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Miaka mingi baadaye, mnamo 1990, watafiti wengine walieleza matokeo kama hayo kuhusu Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini. Ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la ndugu zao waliobaki nyumbani, chumvi wanayokula ikiwa imeongezeka na vyakula vya shambani vikiwa vimepungua. Mtu aliyetoka Siaya, Kitui au Taita akapata kazi katika bandari au kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kisha akakodi chumba Magongo au Chaani, amepitia njia hiyo hiyo bila kuandikwa katika jarida lolote.

Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Juni 1, 1963, na mwaka wa 1964 Kenya ilipokuwa jamhuri akawa Rais. Tangu mwanzo serikali yake ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka wa 1965 ada ya wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani katika hospitali za serikali iliondolewa. Mwaka uliofuata hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali ikaundwa, na mwaka wa 1967 mafunzo ya udaktari yakaanzishwa Nairobi.

Maradhi yaliyolengwa yalikuwa yale ya kuambukiza, na haki ilikuwa hivyo. Malaria, kifua kikuu, surua na ndui ndiyo yaliyojaza wodi na makaburi. Kazi hiyo ilizaa matunda: mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, miezi 10 tu kabla ya kifo cha Mzee. Lakini adui aliyemfuata Rais mwenyewe chumbani kwake hakuwa na mdudu wala chanjo.

Mwaka wa 1966 Kenyatta aliugua vibaya. Wapo wanaosema ni moyo, wapo wanaosema ni kiharusi cha kadiri. Mei 1968 akapatwa tena, na safari hii hali ilikuwa ya kutisha kiasi kwamba wakuu wa serikali walianza kuulizana nani atarithi kiti. Mwaka huo huo Katiba ilifanyiwa marekebisho kuhusu utaratibu wa kumrithi Rais anapofariki, na makamu akapewa siku 90 za kukaimu. Ni vigumu kuamini kwamba marekebisho hayo hayakuhusiana na kitanda cha mgonjwa.

Kando ya moyo, alisumbuliwa pia na jongo, ugonjwa unaovimbisha viungo na ambao mara nyingi huandamana na shinikizo la juu la damu. Katika ujana na utu uzima wake alikuwa amekunywa pombe sana, ingawa baadaye alipunguza. Alikuwa na daktari aliyekuwa pia jamaa yake, Dkt Njoroge Mungai, aliyesomea Marekani na kuwa waziri katika serikali yake.

Swali la haki ni hili: madaktari wa wakati ule wangeweza kumfanyia nini? Wengi leo hudhani kwamba Rais, kwa kuwa ni Rais, alipata kila kitu. Ukweli ni kwamba alipoanza kuugua, elimu yenyewe ya kuukinga moyo ilikuwa changa. Ilitokana kwa sehemu na kifo cha rais mwingine. Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki Aprili 12, 1945, kwa kuvuja damu ubongoni, baada ya shinikizo lake kupanda mwaka baada ya mwaka huku umma ukihakikishiwa kwamba yu mzima. Mwaka wa 1948 Marekani ilitunga sheria ya utafiti wa moyo, na katika mji mdogo wa Framingham wakazi zaidi ya 5,000 wakaanza kufuatiliwa. Ni watafiti wa Framingham waliotoa, mwaka wa 1961, orodha ya mambo yanayomweka mtu hatarini: shinikizo la juu, kolesteroli nyingi katika damu, na baadaye sigara, kisukari, unene na kukaa bila kutumia mwili.

Hadi mwaka wa 1967, mwaka mmoja baada ya Kenyatta kuugua mara ya kwanza, bado kulikuwa na madaktari wenye sifa waliobisha kama kuna faida kumpa dawa mtu mwenye presha asiyehisi maumivu. Mwaka huo utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ulionyesha wazi kuwa dawa huzuia kiharusi na moyo kushindwa kazi. Dawa za kushusha kolesteroli zinazotumika sana leo zilikuwa bado maabara Japani Mzee alipofariki. Ya kwanza iliidhinishwa kuuzwa mwaka wa 1987. Kwa hiyo Rais wa nchi, mwaka wa 1978, hakuwa na vidonge ambavyo leo mstaafu wa Mtongwe anaweza kuandikiwa kliniki.

Alichokuwa nacho ni pumziko. Katika miaka yake ya mwisho alipunguza kazi, akawaachia mawaziri na maafisa wakuu mengi ya kila siku, na kugawa muda wake kati ya Gatundu, Nakuru na Mombasa. Alipenda kuketi jioni akitazama ngoma za kienyeji. Pwani ilikuwa makao yake ya mapumziko, na ufuo wa umma wa Bamburi hadi leo una jina lake. Katika zama hizo aliyetaka kufika Bamburi kutoka kisiwani alivuka kwa daraja la kuelea la Nyali; hili la saruji lilifunguliwa baada ya yeye kufariki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji dawa mpya wala fedha, nalo ni kusema. Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo Septemba 1955, daktari wake wa moyo, Paul Dudley White, aliwaeleza waandishi wa habari waziwazi hali ya mgonjwa, moyo unavyofanya kazi, na kwa nini mtu anapaswa kutembea na kupunguza uzito. Wamarekani wengi walijifunza kuhusu mshtuko wa moyo kupitia ugonjwa wa kiongozi wao, naye Eisenhower akarudi kazini na kuchaguliwa tena mwaka uliofuata.

Kenya ilichagua njia nyingine. Mwaka wa 1976 kundi la wanasiasa lilipozunguka nchini likitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asikaimu kiti, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo mwezi wa Oktoba kwamba ni kosa la jinai, lenye adhabu ya kifo, kuwaza au kupanga kifo cha Rais. Onyo hilo lilimlinda Moi na kuzima kampeni. Lakini pia liliweka kufuli juu ya mjadala wowote wa afya ya Mzee. Katika nchi ambamo presha ilikuwa imeanza kuingia mijini, mgonjwa mashuhuri kuliko wote hakuweza kuwa funzo kwa mtu yeyote.

Gharama ya ukimya huo si rahisi kuikadiria, ila dalili zake zinaonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uligundua kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Presha haiumi. Mtu huamka, akavuka feri, akafanya kazi yake, akarudi, na mishipa yake inaendelea kukakamaa na ukuta wa moyo kunenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu. Siku ya kwanza ya kuhisi ugonjwa yaweza kuwa ndiyo siku ya kupooza upande mmoja.

Mashine ya kupimia hufunga mkono kwa dakika moja. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, ndipo mhudumu huanza kuzungumzia matibabu, na dawa zikianzishwa kwa kawaida huendelea maisha yote. Kosa la wengi ni kuziacha kipimo kinaporudi chini, wakidhani wamepona, hali zilizokishusha ni dawa zenyewe. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa jumla ya vyakula vyote. Anayeanza siku na viazi karai vya kandokando ya barabara ya Likoni, akamaliza na samaki wa kukaangwa aliyepakwa chumvi, huenda ameshapita kiwango hicho. Pia hupendekeza dakika 150 za kutembea kwa kasi au kazi kama hiyo kila wiki. Wavukao Likoni kwa miguu wamekuwa wakizipata bila kujua. Bodaboda na tuktuk zinazosubiri kwenye mteremko zinawapunguzia.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini walipoanza kukabidhiwa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, kipimo kinaweza kumfuata mtu mlangoni kwake Kisauni au Miritini. Mwaka wa 1978 huduma kama hiyo haikuwapo hata kwa jirani wa Ikulu.

Siku ile ya Agosti 22, Moi aliapishwa Nairobi kuwa kaimu Rais kwa mujibu wa marekebisho ya 1968, na kabla ya siku 90 kwisha akawa Rais kamili. Mwili wa Mzee ulisafirishwa kwa ndege kutoka Mombasa hadi Nairobi, na ukazikwa Alhamisi, Agosti 31, 1978, katika uwanja wa Majengo ya Bunge. Uwanja wa ndege wa Mombasa, ulioko Port Reitz katika eneo la Changamwe, baadaye ulipewa jina la Moi. Jina la Kenyatta lilibaki upande wa pili wa mji, kwenye ufuo wa Bamburi, ambako Jumapili jioni vijana hucheza kandanda mchangani na watu wazima hutembea kwenye maji yapungukapo, wengine kwa kuagizwa na daktari.